Mbwa Dume wa Kuzalisha: Namna ya Kumchagua

Katika vijiji vyetu mtu akitaka kuongeza mbuzi hutafuta beberu mwema. Akitaka ng'ombe hutazama fahali, huuliza maziwa ya mama yake, huuliza umri wake, kisha hurudi nyumbani akafikiri. Lakini kwa mbwa hakuna aulizaye. Jike akipata joto, madume kumi hukusanyika mlangoni, hupigana usiku kucha, na mwenye nguvu au mwenye bahati ndiye baba. Baada ya miezi miwili watoto saba wamelala chini ya ghala, na mwenye jike hajui baba yao ni nani, wala alikuwa na ugonjwa gani, wala ameuma watu wangapi.

Somo hili ni juu ya dume huyo. Limeandikwa kwa watu wa Rugenge na wa ufuko wote wa Uvira, na kwa ninyi mnaokaa ndani, njia za Fizi, Mwenga na Kamituga, karibu na machimbo ya dhahabu. Ninyi hasa, kwa maana huko mbwa amekuwa mali. Mwenye duka anataka mbwa wa kulinda duka, mnunuzi wa dhahabu anataka mbwa wa kulinda nyumba, na kijana aliyepata fedha juzi anataka mbwa wa kutisha wenzake. Panapo fedha watu huzalisha upesi, na katika haraka hiyo hakuna achaguaye.

Kwanza yafaa kujiuliza: mbwa nimtakaye atafanya kazi gani? Kuchunga mbuzi, kufukuza nyani katika mahindi na mihogo, kubweka usiku mwizi akija: hizi ni kazi tatu, wala hazitaki mwili mmoja. Mbwa wa shamba hupanda na kushuka mlima mchana kutwa. Huyu apate miguu mirefu, kifua chenye nafasi, mwili mwepesi. Mbwa wa nyumba hana haja ya kuwa mkubwa. Mwizi haogopi uzito wa mbwa, huogopa sauti yake, maana sauti ndiyo inayowaamsha watu. Mbwa mdogo mwenye masikio mepesi ni bora kuliko mbwa mkubwa alalaye. Juu ya kuwinda sitasema mengi. Msitu wa Itombwe umekuwa hifadhi tangu mwaka 2006, na mtu akiwinda humo kwa mbwa huenda akajitia katika kesi. Tena mbwa mgonjwa huwaachia wanyama wa msitu ugonjwa wake.

Mbwa wetu na safari yake ya Ulaya

Watu wengi hudhani mbwa wa kijiji ni kitu cha bure, na ya kwamba mbwa mwema ni yule aliyetoka mbali. Si kweli. Mbwa wa Kongo ana sifa duniani. Ni yule mwenye masikio yaliyosimama, kipaji chenye mikunjo, na mkia uliojiviringa juu ya mgongo. Habweki kama mbwa wengine. Hutoa sauti kama mtu aimbaye kooni. Kwa hiyo wawindaji wa msituni humfunga kengele ya mti shingoni wapate kumfuata katika majani. Jike wake hupata joto mara moja tu kwa mwaka, na majike wengine karibu mara mbili. Wafugaji wa Ulaya na Marekani humwita basenji. Jina hilo si zuri masikioni mwetu, ninyi wenyewe mnajua maana yake, lakini ndilo lililoandikwa katika vitabu vyao.

Habari za mbwa huyu zinatufundisha juu ya dume kuliko maneno yangu yote, kwa hiyo nitazieleza polepole.

Mwaka 1895 mbwa wawili wa namna hii walionyeshwa London. Hawakukaa siku nyingi, wakafa kwa ugonjwa. Mwaka 1936 mama mmoja Mwingereza, Olivia Burn, aliwapeleka wengine, nao wakaishi, na mwaka 1937 watu walisongamana kuwatazama katika maonyesho ya mbwa. Mama mwingine, Veronica Tudor-Williams, alisafiri mpaka Sudan ya kusini mwaka 1959, akarudi na jike mwekundu aliyeitwa Fula. Jike huyo mmoja aliingia katika ukoo wa karibu basenji wote walioandikwa baadaye. Mwaona sasa: maelfu ya mbwa, na wote wametoka katika mbwa wachache sana waliovuka bahari.

Je, wakapata nini? Wakapata ugonjwa wa damu. Watoto walizaliwa wazuri, kisha damu yao ikapungua, wakadhoofika, wakafa wangali vijana. Hapo ni lazima nieleze jambo la mbegu, maana asiyelifahamu hawezi kuchagua dume.

Kwa mambo mengi ya mwili, kila mtoto hupokea mbegu mbili: moja ya baba, moja ya mama. Kuna magonjwa ambayo mbegu yake mbaya ikiwa moja tu, ile nzuri huifunika, na mbwa ni mzima kabisa. Anakimbia, anakula, ngozi yake inang'aa. Lakini amebeba. Akikutana na jike aliyebeba mbegu ile ile, basi kwa kawaida katika watoto wanne mmoja hupokea mbaya mbili, naye ni mgonjwa. Wawili hubeba kama wazazi wao. Mmoja ni safi. Wazazi wote wawili ni wazima, na mtoto ni mgonjwa. Watu wa kijiji husema amerogwa. Hakurogwa. Amepokea deni la pande mbili.

Wafugaji wale wakapata njia ya kupima damu, wakawajua waliobeba. Wakawatoa wote katika kuzalisha, hata wale wazima. Ugonjwa wa damu ukapungua sana. Lakini pamoja na mbwa waliotolewa zilipotea mbegu nzuri nyingi, na mbwa waliobaki wakawa ndugu wa karibu zaidi. Wengi wa wafugaji wenyewe husema kwamba hapo ndipo ugonjwa wa pili ulipopata nguvu. Huo ni wa mafigo, huitwa Fanconi. Mafigo hayazuii tena sukari na chumvi na vyakula vya mwili. Vyote hutoka katika mkojo. Mbwa hunywa maji bila kukoma, hukojoa bila kukoma, hukonda ingawa anakula. Ubaya wake mkubwa ni huu: kwa kawaida huanza mbwa akiwa na miaka minne mpaka saba. Dume amekwisha kusifiwa, amekwisha kupanda majike mengi, watoto wake wamekwisha kuzaa, ndipo ugonjwa unajionyesha.

Wakafanyaje? Walirudi hapa kwetu. Mwaka 1987 na mwaka 1988 wafugaji wa Marekani walikuja katika misitu ya kaskazini ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, wakatafuta mbwa wa vijiji wasio ndugu wa mbwa wao. Mwaka 1990 kitabu cha ukoo cha Marekani, kilichokuwa kimefungwa, kikafunguliwa kwa mbwa 14 waliotoka Afrika. Kikafunguliwa tena tangu 2009 mpaka 2013. Kipimo cha mbegu ya Fanconi kikapatikana mwaka 2007, kikasahihishwa mwaka 2011. Sasa mfugaji aliye na mbwa aliyebeba hamtupi. Humpatanisha na mwenzi aliye safi, na hakuna mtoto atakayekuwa mgonjwa, ingawa nusu yao kwa kawaida watabeba.

Watu wenye fedha, wenye maabara, wenye vitabu vya ukoo vya miaka mingi, walivuka bahari kuja kutafuta damu ngeni kwa mbwa wa kijiji. Nawe unaye mlangoni, unamtupia jiwe.

Mbwa wa kichwa kikubwa

Siku hizi katika miji mikubwa ya Afrika ya Mashariki vijana wamependa mbwa wa namna nyingine: pitbuli na buli, wenye kichwa kipana, kifua kama pipa, shingo nene. Nao wanaulizwa hata huku. Lazima niseme juu yao, kwa maana wafugaji wao ndio wanaotangaza dume kuliko wote, kwa picha na kwa bei kubwa.

Asili yao ni Uingereza. Zamani watu wa huko walifunga fahali kwa kamba na kuwaachilia mbwa wamshike pua, nao wakakaa kutazama na kuweka fedha. Sheria ya mwaka 1835 ilikataza mchezo huo. Wengine wakageukia kupiganisha mbwa kwa mbwa, wakachanganya buldogi na mbwa wadogo wepesi wa kufukuza panya. Hao walipelekwa Marekani, na tangu mwaka 1898 chama kimoja kikaandika ukoo wa pitbuli. Buli ni mpya: watu walianza kumtengeneza katika miaka ya 1990, na chama chake kikaundwa mwaka 2004. Nia yao ilikuwa kupata mbwa mnene wa umbo na mpole nyumbani, na mara nyingi walifaulu. Lakini wengine walitafuta ukubwa tu, wakazalisha madume machache mashuhuri, baba kwa binti, tena na tena. Baada ya watu kuumwa na kufa, Uingereza na Wales zilikataza kuzalisha na kuuza buli wale wakubwa kabisa, tangu tarehe 31 Desemba 2023.

Mimi simchukii mbwa huyo. Lakini mtu wa Uvira atazame mambo mawili kabla ya kutoa fedha. La kwanza ni joto. Sisi tuko ufukoni. Mchana wa jua hata mbuzi hutafuta kivuli. Mbwa hatoki jasho kama mtu, hujipoza kwa kuhema. Mwenye pua fupi hana njia ya kuhema vizuri, naye huweza kufa kwa mwendo mfupi wa mchana. La pili ni kuzaa. Hesabu iliyotolewa Uingereza mwaka 2010 ilionyesha ya kuwa katika buldogi, zaidi ya mimba nane kwa kila kumi zilitolewa kwa kisu, maana kichwa cha mtoto ni kikubwa kuliko njia. Huko kuna mganga wa wanyama karibu na kila mji. Huku, usiku wa manane, njiani kutoka Misisi, nani atampasua jike wako? Kwa hiyo ukipewa dume mwenye kichwa kikubwa umpandishe jike wako mwembamba wa kijiji, kataa. Kama ni mbwa wako mwenyewe wa ukoo huo, tafuta dume mwenye pua ndefu kidogo kuliko mama, mwenye kuhema bila kukoroma, na uulize kama mama yake alizaa kwa nguvu zake mwenyewe.

Tabia, na meno

Sasa umefika nyumbani kwa mwenye dume. Usitazame misuli. Tazama tabia, kwa maana tabia hurithiwa pamoja na rangi, na mtoto aumwaye si wa mwenye mbwa peke yake, ni wa kijiji.

Nenda mara mbili au tatu, si mara moja. Nenda mchana na nenda jioni. Mbwa mwema wa ulinzi hubweka ukija, kisha mwenyewe akikusalimu hunyamaza, hukunusa, huenda kulala. Angusha sufuria nyuma yake: kushtuka si kosa, lakini arudi kuitazama. Asiyerudi, ajifichaye chini ya kitanda akionyesha meno, huyo ni mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeuma watoto. Mwambie mwenyewe, si wewe, aondoe chakula mbele yake. Tazama anavyokwenda kati ya mbuzi na kuku. Tazama watoto wa nyumba: je, wanapita karibu naye bila kufikiri, au wanazunguka ukuta? Watoto hawajui kusema uongo kwa miguu.

Uliza majirani kuliko kumwuliza mwenyewe. Mwenyewe atasema, "Ni mkali, ni simba." Watu wa machimboni hupenda neno hilo, hata hulipa zaidi. Mimi nasema dume aliyewahi kumwuma mtu bila sababu asizalishe kamwe, hata awe na sura ya ajabu. Masikio yaliyokatwa na mnyororo mfupi havimfanyi mbwa kuwa mlinzi. Vinamfanya kuwa na maumivu na hasira, na hasira hiyo haichagui mwizi.

Tena kuna kichaa cha mbwa. Jike mwenye joto huvuta madume kutoka mitaa yote, nao hupigana, na kwa meno na mate ugonjwa huu hupita kutoka kwa mmoja hata kwa wengine. Kwa hiyo dume wa kuzalisha lazima awe na chanjo ya kichaa, na cheti chake kionekane kwa macho. Awe amechanjwa mwezi mmoja au zaidi kabla ya kazi, na arudie kwa siku zilizoandikwa katika cheti. Chanjo huanza mbwa akiwa na miezi mitatu. Ulimwenguni watu karibu 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wengi wao Asia na Afrika, na wengi ni watoto. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, hakuna dawa ya kumponya. Lakini kabla ya dalili kuna nafasi: aliyeumwa aoshe kidonda mara hiyo kwa maji mengi na sabuni, robo ya saa nzima, kisha aende lopitali siku ile ile kutafuta sindano. Asipake mafuta, asipake majivu, asingoje kuona kama mbwa atakufa. Mbwa mwenyewe afungwe mahali salama, atazamwe siku kumi.

Mwili wake

Juu ya mwili nitasema upesi, maana macho ya mfugaji yanajua mengi. Macho safi, pumzi safi, ngozi isiyo na upele, miguu minne yenye kukanyaga sawa. Mwache akimbie kupanda mlima pamoja nawe, kisha umtazame kesho yake asubuhi anavyoamka. Dume anayeinuka kwa taabu, akirusha miguu ya nyuma pamoja kama sungura, huenda ana ubovu wa nyonga, nao hurithiwa.

Kende zake ziwe mbili, zote zimeshuka. Kwa kawaida hushuka mtoto akiwa na miezi miwili hivi. Zikipita miezi sita bila kushuka, hazishuki tena. Dume mwenye kende moja huweza kuzalisha, lakini atawarithisha watoto kasoro yake, na kende iliyobaki tumboni huelekea kufanya uvimbe wa kufisha.

Tena inua, uone uume wenyewe. Watu huona haya kufanya hivi, na kwa ajili ya haya hiyo ugonjwa mmoja unatembea katika mbwa wengi wa mitaani. Ni uvimbe mwekundu kama ua la koliflori, wenye kutoka damu. Chembe zake hupita kutoka mbwa hata mbwa kwa kupandana, na hata kwa kunusana na kulambana, zikaota mahali papya kama mbegu ya magugu. Wenye elimu wamepima wakaona kwamba uvimbe huu ulianza kwa mbwa mmoja, maelfu ya miaka iliyopita, na chembe zake zimekuwa zikihama tangu siku ile mpaka leo. Dume mwenye matone ya damu asikaribishwe. Yeye mwenyewe si wa kuuawa: mganga wa wanyama anayo dawa ya sindano ya kila juma, na wengi hupona. Kuna ugonjwa mwingine usioonekana kwa macho, brusela, wenye kuharibu mimba na kuweza kuwashika watu pia. Huo hujulikana kwa kupima damu tu. Panapo mganga wa wanyama wa Leta mwenye kipimo, pima. Pasipo kipimo, mkimbie dume ambaye majike yake yametupa mimba.

Umri gani? Hapa sikubaliani na watu wengi. Wao wanapenda dume kijana wa mwaka mmoja, kwa maana ana moto. Afadhali asipande kabla ya mwaka mmoja na nusu. Na mimi ningependa zaidi dume wa miaka minne au mitano, hata sita, kama angali na nguvu. Kumbuka ugonjwa wa mafigo wa mbwa wa Kongo, ulivyojificha mpaka miaka hiyo. Mbwa aliyeishi kijijini miaka sita kwa makombo ya bugali na vichwa vya ndagala, akapita kupe na minyoo na homa, meno yake mazima, hajauma mtu, huyo amekwisha kufanya mtihani wake. Kijana hajaandika hata ukurasa wa kwanza. Dume akiwa ametoka kuugua homa kali, mngoje miezi miwili, kwa sababu mbegu zake huchukua muda huo kutengenezwa upya.

Undugu

Tuseme mtu wa Rugenge ana jike, na jirani ana dume mashuhuri. Wanampandisha. Jirani wa tatu anasikia sifa, naye anamleta jike wake. Wa nne na wa tano vilevile. Baada ya miaka miwili nusu ya mbwa wa mtaa ni wana wa dume yule. Wanapandana wao kwa wao, au na baba yao. Ndipo zile mbegu zilizofunikwa hukutana. Watoto huwa wachache katika kila uzao, wengine huzaliwa wafu, wengine wadogo, wengine vipofu. Mwenye mbuzi anajua jambo hili, ndiyo maana hubadilisha beberu. Kwa mbwa sheria ni ile ile.

Kwa hiyo uliza: nani baba yake, nani mama yake, walitoka wapi? Kama jike wako alizaliwa Rugenge, mtafute dume Kalundu au Kavimvira, au zaidi, Kiliba, Sange, Luvungi, au juu mlimani. Usimpandishe kwa baba yake, wala kwa ndugu yake, wala kwa ndugu wa baba mmoja. Na dume mmoja, hata akiwa mwema namna gani, asiwe baba wa kijiji kizima. Mtaa mmoja wapate madume watatu au wanne wasio ndugu. Sharti hili ni gumu kwa mwenye dume wa bei, najua, kwa maana kila jike ni fedha kwake.

Siku ya kupandisha

Hesabu tangu siku ya kwanza ya damu ya jike. Mara nyingi yu tayari kati ya siku ya tisa na ya kumi na nne. Mwenyewe atakuonyesha, maana akiguswa mgongo husimama na kugeuza mkia upande. Joto lake la kwanza lipite bure, angali mtoto. Mpeleke jike kwa dume, si dume kwa jike, kwa kuwa dume akiwa mahali pageni hufikiri mahali na kusahau kazi. Wakikwamana usiwapige wala kuwamwagia maji. Hiyo ni desturi ya mbwa, hudumu dakika tano hata nusu saa, na kuwatenganisha kwa nguvu huwajeruhi wote wawili. Rudia baada ya siku mbili. Kisha mfungie jike ndani ya nyumba mpaka joto lote liishe, karibu majuma matatu tangu mwanzo, kwa sababu jike mmoja huweza kuzaa watoto wa baba wawili katika uzao mmoja, na hapo kuchagua kwako kote kumekuwa kazi bure. Mimba ni siku 63 hivi.

Mapatano yafanywe kabla, mbele ya watu wawili. Mwenye dume atapata nini: fedha, au mtoto mmoja? Kama ni mtoto, ni wa kuchagua wa kwanza au wa mwisho? Na mimba isiposhika, je, mtarudia bila malipo? Andikeni katika daftari jina la dume, mahali alipotoka, tarehe ya chanjo, siku ya kupandisha, hesabu ya watoto, wangapi dume na wangapi jike, wangapi walikufa na kwa dalili gani. Daftari la namna hii likiwa na miaka kumi mtaani ni kitabu cha ukoo kamili, na gharama yake ni ya daftari na kalamu.

Kabla ya yote hayo watafute wenye kuwapokea watoto, kwa majina, si kwa kusema "watapatikana." Jike huweza kuzaa sita au wanane, na wasio na mwenyewe ndio wanaozurura sokoni na kando ya ziwa, wakila takataka, bila chanjo. Ukikosa watu wanne wa kweli, ngoja joto jingine. Madume msiyoyachagua yahasiwe na mganga wa wanyama. Yatabweka na kulinda kama kwanza, wala hayataenda kupigana mlangoni mwa watu. Nao watoto wasitoke kwa mama kabla ya juma la nane, wapewe dawa ya minyoo, na atakayepelekwa machimboni aende na karatasi yenye jina la baba yake, jina la mama yake, na tarehe ya kupelekwa chanjo.